Joho la Kabange

Ile bahasha Amida aliikuta katikati ya balo, robota la mapazia ya mitumba, na mfanyabiashara mwingine angeifungia karanga siku hiyo hiyo. Lakini Amida, pamoja na maneno yake mengi yasiyokwisha, si mtu wa kuona kitu cha kushonea akakitupa. Aliipangusa vumbi kwa pindo la kitenge chake, akavuka barabara kutoka kwenye meza yake ya mitumba mpaka barazani kwa Lydie, akaiweka juu ya masini, palepale sindano ilipokuwa ikipita.

"Mama Mapasa, angalia bale bantu. Bazungu banaanza kuvaa kanzu."

Pichani walikuwa watu watatu wamesimama na majoho marefu ya rangi ya majivu. Kofia za nguo zimewafunika mpaka kwenye nyusi, mikono imepotea ndani ya mikono mipana ya joho, na nyuma yao anga jeusi lenye sayari mbili, moja ina pete.

"Haiko kanzu," Lydie alisema. "Ni sutani. Hauone kofia yake?"

"Sutani na nyota nyuma? Padri gani anaishi kule?"

"Mwenye alichoka na wakristu bake."

Amida alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Watu wa Amida walitoka Maniema zamani na biashara zao, na babu yake mwenyewe alizaliwa hapa Kamina, lakini bado kuna wanaomwita mgeni. Lydie hakuwahi. Miaka ishirini wanatazamana barabara ikiwa katikati, mmoja anauza nguo zilizokwisha kuvaliwa, mwingine anashona ambazo hazijavaliwa. Sikukuu ya Waislamu ikifika, sufuria inavuka kwenda kwa Lydie. Noeli ikifika, sufuria inarudi na kitu ndani. Hivyo tu, bila hotuba.

Ndani ya bahasha mlikuwa na patroni. Sasa nieleze, maana hata mafundi wa Kamina wenye majina makubwa wengi hawajawahi kushika kitu hicho. Ni karatasi laini kama ganda la kitunguu, imekunjwa mara ishirini, ukiikunjua inajaza kitanda. Juu yake wamechora vipande vyote vya nguo: mgongo, kifua, mkono, kofia. Kila kipande kina mistari minne, mmoja ndani ya mwingine, kutoka mtu mwembamba mpaka mtu mnene. Unachagua mstari wako, unakata, basi. Huku kwetu nguo inaanzia mwilini. Fundi anamsimamisha mtu, anamzungushia futi, anamwambia aache kuvuta tumbo ndani, ndipo anashika chaki. Karatasi hii ilianzia hewani. Aliyeichora hakuwahi kukuona na hakuwa na haja ya kukuona.

Lydie aliusoma ule ukurasa wa maelezo ya Kifaransa mara mbili, polepole, kidole chini ya mistari. Akahisi wepesi moyoni ambao hakuwa ameuhisi kwa miaka miwili. Kumbe nguo inaweza kushonwa bila kumgusa mtu.

"Inaweza kumusaidia Kabange na teatri yake," Amida alisema.

"Njo kitu nilikuwa nafikiri."

Kabange ni mwanawe, miaka kumi na saba, mtoto wa pekee aliyebaki nyumbani. Mwalimu Isaïe, anayewaongoza vijana wa parokia, alikuwa ametunga mchezo wa kuchekesha. Katika mwaka wa elfu tatu, mzee mmoja anashuka kutoka kwenye nyota, anatua katika stesheni ya Kamina, anakuta watu wamekalia mizigo yao wakingoja treni. Hakuna anayemshangaa. Wanamuuliza tu kama huko alikotoka aliipita njiani. Kabange ndiye aliyepewa kuwa Mzee wa Nyota. Tangu kabla ya Kwaresima alikuwa akimwomba mama yake joho, na alikuwa akiliomba kwa maneno yale yale, hayaongezi wala hayapunguzi:

"Mama, unishonee moja tu. Na unipime."

Moja tu. Mtu wa mbali atauliza, ni mtoto gani anayeomba majoho mawili? Lakini Kabange alizaliwa pacha, mapasa kwa lugha ya huku. Wa kwanza kutoka alikuwa Kyungu, wa pili yeye, na majina yenyewe yanasema hivyo kwa Muluba yeyote. Siku waliyozaliwa, Kambo Phébé, mama wa baba yao, alisimama mlangoni akatoa sharia ya nyumba yake: mapasa hawapewi kimoja. Ukimpa huyu yai, tafuta yai lingine kabla hujakaa. Ukimkaripia huyu, na yule mkaripie hata kama alikuwa amelala. Anayesahauliwa anaugua, na ugonjwa wake hauna dawa dukani. Lydie aliishika sharia hiyo kuliko amri kumi. Akawashonea kaptula mbili, mashati mawili, suti mbili za komunyo ya kwanza, kila kitu viwili viwili.

Na kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi, alijifundisha njia ya mkato. Alimpima mmoja, akakunja kitambaa, akakata nguo mbili. Aliyepimwa alikuwa Kyungu, kwa sababu Kyungu alijua kusimama kimya, na Kabange wakati huo huo alikuwa ameshaufuata mpira mtaa wa tatu. Katika daftari lake la wateja palikuwa na ukurasa ulioandikwa "Mapasa", na namba zote za ukurasa ule, tangu wanatambaa mpaka miaka kumi na mitano, zilikuwa za mwili wa Kyungu. Hakuna aliyeona kosa. Nani angeliona? Hata baba yao, Mukalay, kabla hajaenda kufanya kazi Kolwezi, alikuwa akiwachanganya asubuhi.

Kisha Kyungu akafa. Homa, siku tatu, mvua za kwanza zikianza. Maiti ilikuwa bado hospitalini wakati seremala alipofika nyumbani kuulizia urefu wa sanduku. Mvua ilikuwa inapiga, na njia ya hospitali imekuwa matope matupu. Lydie alikuwa amekaa mkekani katikati ya wanawake. Akainua mkono, akamwonyesha Kabange, akasema kwa mdomo wake mwenyewe:

"Pima huyu. Bako sawa."

Seremala akatoa kamba yake. Akaipima kutoka utosini mpaka kisiginoni, akapiga fundo, halafu bega mpaka bega, akapiga fundo lingine. Kabange alisimama wima, mgongo umeegemea ukuta. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Sanduku likatengenezwa, Kyungu akazikwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyelitaja jambo hilo katika nyumba ile.

Ndiyo maana hata baada ya hapo Lydie hakumpima Kabange. Futi ilikuwa inamzunguka kila mtu wa Kamina, mabibi harusi, wanakwaya, askari, lakini ikifika kwa mwanawe anaikunja na kuirudisha mfukoni. Aliogopa ingemwambia Kyungu angekuwa mrefu kiasi gani leo. Aliendelea kushona kwa namba za zamani, akiongeza kidogo kwa kukisia, na aliendelea kushona viwili. Kimoja kilikwenda kwa Kabange, kingine kilikwenda kwenye sanduku la nguo chini ya kitanda chake. Watu wakiuliza, anajibu kwamba ni sharia ya mapasa, si yeye.

Kwa hiyo jioni ile, alipomwonyesha Kabange bahasha, alikuwa anaongea haraka haraka kama muuzaji.

"Angalia, ni yenyewe kabisa. Ya bantu ba ku nyota."

Kabange aliitazama picha muda mrefu, akatabasamu kidogo. "Iko muzuri. Utanishonea moja?"

"Moja tu."

"Na utanipima lini?"

"Hii haiombake kupima. Bipimo byote biko mu karatasi."

Kabange alimtazama mama yake. Mama alikuwa anakunja patroni.

"Aya," alisema, akaenda kuoga. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mwenye kunyamaziwa huwa wa mwisho kuusikia.

Kesho yake Lydie alivuka barabara kununua kitambaa. Amida alikuwa na pazia zito la rangi ya majivu, robota zima, kama lile la pichani. Bahasha ilisema mita nne na nusu. Lydie alifungua mdomo kusema nne na nusu, mdomo ukasema tisa.

"Tisa?" Amida alishusha miwani. "Huyu mutu wa nyota iko na mukia?"

"Patroni sijaizoea. Naweza kuharibu."

"Weye? Kuharibu?"

Lydie alikuwa anakagua kitambaa kwenye mwanga, kitambaa ambacho hakikuwa na kosa lolote. Amida alijua. Alikuwa ameliona lile sanduku chini ya kitanda, siku alipomuuguza Lydie malaria. Alipima mita tisa, akachana, akakunja, neno lililokuwa mdomoni likaishia mdomoni. Aliye kando haangukiwi na mti, ndivyo alivyojiambia. Baadaye alijilaumu, na mpaka leo ukimkuta peke yake anajilaumu.

Lydie aliinyoosha ile karatasi kwa pasi ya makaa isiyo na moto mwingi, roho mkononi, maana cheche moja tu na kazi imekwisha. Akafungua daftari kwenye ukurasa wa "Mapasa". Kifua, themanini na mbili. Namba ya miaka miwili iliyopita, ya mtoto aliye chini ya ardhi, na aliijua hivyo. Joho ni pana, alijiambia, upana utaficha. Akachagua mstari wa pili kutoka ndani. Akatandika kitambaa sakafuni tabaka nne, akabana karatasi kwa pini, akakata. Mkasi ulikuwa unauma kitambaa kizito ule muumo mzuri, na kusema kweli alikuwa anaimba. Alikuwa na furaha. Hilo lisifichwe, kwa sababu ndilo lililomuumiza zaidi baadaye alipolikumbuka.

Siku tatu alishona majoho mawili kwa pamoja, mkono wa hili, mkono wa lile, kofia ya hili, kofia ya lile. Akisikia hatua za Kabange zikitoka shule anatupia kipande cha kitenge juu ya lile la pili. Mwanamke mzima, fundi anayeheshimiwa, anaficha nguo nyumbani kwake kama mwizi wa kuku.

Alhamisi alasiri joho likawa tayari. Amida alikuja kuangalia, akajipatia kigoda. Kabange alilivaa juu ya sare ya shule, akavuta kofia, na kwa dakika moja kweli alikuwa mtu aliyetoka mbali.

"Eee, mubarikiwe," Amida alisema. "Hata miye ningemuuliza habari ya treni."

Kisha Kabange akainua mikono juu, kama Mzee wa Nyota anavyowabariki abiria mwishoni mwa mchezo. Mikono ya joho ikapanda mpaka karibu na viwiko. Mabega yakavuta, mshono wa mgongo ukalia. Chini, pindo lilikuwa limekoma katikati ya muundi, na soksi za shule zote nje. Amida alikuwa anataka kusema kitu cha kuchekesha, akatazama uso wa kijana, akageukia barabara.

Kabange alishusha mikono polepole. "Hii taille, hii kipimo, ni ya nani?"

"Ni ya patroni," Lydie alisema. "Nitashusha pindo, itafika."

"Patroni ilinijua wapi?"

Aligeuka kutafuta kioo. Kioo kilikuwa nyuma ya kiti, na juu ya kiti kulikuwa na kitenge. Akakiondoa. Joho la pili lilikuwa pale limekunjwa vizuri, kofia juu, kama lake. Amida alishika kikapu chake akavuka barabara bila kuaga.

"Nilikuambia moja," Kabange alisema.

"Ni sharia ya mapasa, mwanangu. Haiko miye."

"Mama, miye siko mapasa tena." Hakupaza sauti. "Tangu myaka mbili niko moja. Na mu hii nyumba hakuna mutu ananiona."

"Usiseme vile. Nakupikia, nakufulia..."

"Mutu wa mwisho kunipima alikuwa fundi wa sanduku."

Lydie alikaa chini.

"Ulisema bako sawa. Nikasimama. Nikafikiri, kama bako sawa, basi banaweza kutia mu ile sanduku yeye ao miye, ni moja tu. Tangu siku ile nangojea unipime weye. Unipime kama mutu mwenye ataishi." Alifuta uso kwa mkono wa joho, mkono haukufika, akatumia kiganja. "Baba ananiita Kolwezi tangu mwezi wa kwanza. Nikamuambia angoje kidogo. Nilikuwa nangojea ile tu, mama. Hakuna kingine."

"Kabange, nikikuangalia, namuona Kyungu."

"Najua. Njo maana hauniangaliake."

Alilivua joho, akalikunja kwa kufuata mishono yake, maana ni mtoto wa fundi, akaliweka juu ya lile lingine. "Siku ya Mungu, ku teatri, nitafunga shuka," alisema, akatoka.

Sasa, mtu akiumwa na maneno ya mwanawe, hutafuta mahali pa kuambiwa kwamba hakukosea. Lydie alipita nyuma ya nyumba, kwa Kambo Phébé, aliyekuwa ameinama akigeuza muhogo juani. Alikuwa na hakika ya jibu. Sharia ilikuwa ya mama mkwe, na mama mkwe angeisimamia.

"Mama, Kabange anakataa sharia yako."

"Sharia gani?"

"Ya mapasa. Nilishona joho mbili, moja yake, moja ya Kyungu, anakasirika. Anataka kwenda Kolwezi."

Kambo Phébé alinyooka, na kunyooka kwake huchukua muda. "Unashonaka bado bya Kyungu?"

"Tangu ile siku. Sikuachaka hata moja."

Bibi kizee alimtazama kama mtu anayetazama moto ulioachwa jikoni bila mtu.

"Mukwe wangu, ile sharia nilikupa ya kulisha batoto babili. Nilikuambia wapi ulishe mufu na muzima abaki na njaa?" Alichukua kipande cha muhogo, akakirudisha chini. "Kyungu nilimuzika na hii mikono. Weye njo haukumuzika. Mule mu sanduku ya maiti ulitia bipimo bya Kabange. Mutoto anaona, unafikiri haone?"

"Mama, nilikuwa nafanya vizuri."

"Najua. Nenda. Miye pia nilikosa, nilikuona unanyamaza nikafikiri umepona."

Lydie alirudi ndani akafunga mlango wa baraza, mchana mweupe, jambo ambalo wateja wake hawajawahi kuliona. Alilichukua lile joho la pili, akalipakata. Halikuwa na harufu ya mtu. Alivuta na sanduku la chini ya kitanda akalifungua: mashati manne, suruali tatu, yote mapya, yote ya mtoto wa miaka kumi na mitano. Akashika wembe akaanza kufumua joho, mshono kwa mshono, na hapo ndipo kilio kilipomfikia. Miaka miwili alikuwa amekizungusha kama mtu anayekwepa mdai sokoni. Alilia kwa sauti, akamwita Kyungu kwa jina, akamwita tena, mpaka Amida kule ng'ambo akafunika meza yake, akakaa chini akalia naye kutoka pale alipokuwa.

Ijumaa, Kabange aliporudi shule, alimkuta mama yake amesimama katikati ya baraza, futi shingoni.

"Kuja, nikupime."

Kijana aliweka begi chini. Akaenda mwenyewe mpaka ukutani, akaegemeza mgongo, kama siku ile. Mwili una kumbukumbu yake.

"Toka ku ukuta," Lydie alisema. "Simama hapa, mbele yangu."

Alianza na mabega. Alipoitandaza futi, akaona kitu, akaondoa, akapima tena. Bega la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia, upana wa vidole viwili. Halikuwa limevunjika wala kuumia. Ndivyo lilivyoumbwa. Na Lydie akakumbuka mashati yote yaliyokuwa yakiteleza upande wa kushoto tangu shule ya msingi, na yeye akimpiga kidogo mgongoni, simama muzuri, Kabange, angalia ndugu yako anavyosimama. Hata siku ya komunyo ya kwanza alimnyoosha mbele ya altare, watu wakitazama. Mtoto alikuwa amesimama vizuri siku zote. Kilichokuwa kimepinda ni mkato wa fundi.

"Nisamehe," alisema.

"Ya nini?"

"Ya bega."

Kabange hakuelewa, lakini aliitikia kwa kichwa.

Akapima mkono. Mrefu, mrefu kuliko alivyokisia kwa miaka yote miwili. Akapima shingo, akaona kovu chini ya sikio, kovu zee tayari, na yeye mama mzazi hakuwa analijua.

"Hii ulipata wapi?"

"Mupira. Mwaka ulipita."

"Iliumaka?"

"Kidogo."

Alizungusha futi kifuani, sikio lake likakaribia moyo wa kijana, akausikia unavyokwenda mbio. Kabange alikuwa amefumba macho. Kisha kiuno, kisha urefu mpaka kisiginoni, na kila namba aliyoipata ilikuwa mpya. Alikuwa ameogopa kwamba futi ingemwonyesha Kyungu aliyekua. Ilimwonyesha mtu mwingine kabisa. Alitafuta kwenye bega, kwenye mkono, kwenye shingo, na hakumkuta Kyungu popote katika mwili ule, na uchungu huo ulizidi wa siku ya mazishi.

"Kyungu hayuko tena," alisema, futi bado mikononi.

"Ndiyo, mama."

"Kweli hayuko."

"Ndiyo."

Akamshika, na wakakaa hivyo, na mteja aliyekuwa anakuja na sketi yake ya kupunguza akageukia kwenye kona ya barabara.

Ile patroni hakuitumia tena. Alichora kwa chaki moja kwa moja kwenye kitambaa, kama mama yake alivyomfundisha. Joho la kwanza alilifungua mabega, na mikono mipya aliikata kutoka kwenye lile la pili, na pindo vilevile. Mkasi uliingia kwenye kitambaa cha Kyungu. Bega la kushoto alilishusha vidole viwili.

Jumapili ukumbi wa parokia ulijaa mpaka madirishani. Amida alikuwepo, mstari wa mbele, amejitanda ushungi wake mzuri katikati ya akina mama wa Shirika la Bikira Maria, akicheka kabla ya wengine. Mzee wa Nyota alipotokea, abiria wakamuuliza habari ya treni, ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Lydie hakucheka, alikuwa anatazama. Aligundua kwamba Kabange anatembea vidole vya miguu vikitazama nje, kama marehemu baba yake Lydie. Kwamba akitaka kuchekesha hunyamaza kwanza. Mambo ya miaka kumi na saba, anayaona siku moja. Mwishoni kijana akainua mikono kuwabariki watu, na joho likamfuata vizuri, likakaa mabegani kama limeota pale.

Jumatatu Lydie aliamka na matumaini, hakuna haja ya kusema vinginevyo. Alinunua samaki, akapika bukari laini, ugali wa huku kwetu, akampakulia Kabange peke yake, sahani moja, mezani. Kijana alikula yote, akanawa mikono, akakaa.

"Mama, kesho naenda na lori ya mahindi. Ile alhamisi nilitumia baba neno. Alishanipatia nafasi ku masomo."

"Hata sasa?"

"Hata sasa." Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioonyesha kwamba jambo limekwisha. "Siendi na kasirani, mama. Ningekuwa na kasirani ningeenda bila kukuambia. Nilichoka tu. Nataka nifike mahali kwenye bantu hawamujue Kyungu."

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye, lakini hawasemi kwamba akija anakaa kwenye kiti chako. Lydie aliisogeza sahani tupu, akairudisha ilipokuwa.

"Basi nikutayarishie nini ya njia?"

"Chakula kidogo." Kabange alisita. "Na uniandikie bipimo byangu, byote, vile ulibipata ijumaa. Kule nitashonesha kwa fundi mwingine, na sitaki aanze kukosa."

Alimletea mwenyewe karatasi na kalamu. Lydie aliandika juu kabisa jina moja, Kabange, akaanza na bega la kushoto, halafu la kulia, mkono, shingo, kifua, bila kufungua daftari, kwa sababu namba zote alikuwa nazo kichwani. Aliandika kwa herufi kubwa ili fundi wa Kolwezi asome bila kuuliza. Alijua kazi yake, alijua kwamba kijana wa miaka hiyo bado anarefuka, na kwamba kabla ya mvua nyingine karatasi ile itakuwa haina maana, na atakayempima upya ni mtu mwingine. Akaikagua mara ya mwisho, akampa.